Sura ya Sita: Klasi Zipi Zinatekeleza Intafesi Hii?

Wapo waandishi wengi wa programu, wakiwamo waliobobea, wanaoamini kwamba Java inahifadhi mahali fulani orodha ya klasi zote, na kwamba rifleksheni ndiyo njia ya kuisoma. Wakipewa intafesi, tuseme Malipo, na kutakiwa kupata kila klasi inayoitekeleza, hutafuta mbinu ya kuuliza swali hilo kwa mstari mmoja, na wasipoiona hudhani imefichwa. Haikufichwa popote, haipo, wala haikuwapo tangu java.lang.reflect ilipoingia katika toleo la 1.1 mwaka 1997. Ukiwa na klasi mkononi, rifleksheni itakutajia mbinu zake, sehemu zake, klasi iliyoizaa na intafesi ilizoahidi kutekeleza. Swali linaloelekea upande wa pili, yaani kutoka kwa intafesi kwenda kwa watekelezaji, rifleksheni haina jibu lake. Mgeni aliyebisha hodi unaweza kumwuliza ukoo wake, lakini kwa kumwangalia yeye huwezi kuwajua watu wote wa ukoo huo popote walipo.

Sababu yake imo katika jinsi Java inavyofanya kazi, na si uzembe wa walioibuni. Klasi hupakiwa inapohitajika kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo ni baiti tu, ndani ya folda, ndani ya faili la JAR, au upande wa pili wa mtandao. Kipakiaji cha klasi hupewa jina na kutakiwa kuleta baiti za jina hilo. Hakuna sharti linalokilazimisha kutaja majina yote kinayoweza kuyaleta. Klasi nyingine hazina hata faili. Tangu Java 8 ya mwaka 2014, kila usemi wa lambda unaopewa Runnable hupata klasi inayoundwa programu ikiwa tayari inakimbia. Kwa hiyo anayetaka klasi zote zinazotekeleza Runnable anauliza swali lisilo na jibu kamili. Wengine husema ipo getAllLoadedClasses ya intafesi ya Instrumentation. Ni kweli ipo, ila hutaja zilizokwisha kupakiwa tu, na klasi unayoitafuta mara nyingi ndiyo ambayo bado haijaguswa na mtu. Wenzetu wa .NET hukutana na jambo lilelile: GetAssemblies ya AppDomain hutoa assembli zilizopakiwa tayari, si zote zilizomo kwenye folda.

Kazi yenyewe, basi, ina hatua tatu: kukusanya wagombea, kuwachuja, na kuunda vitu kutokana na waliopita. Ya kwanza ni kusoma folda na faili za JAR, na haihitaji maneno mengi. Ya pili ndiyo inayoharibiwa zaidi, na ArrayList inatosha kuonyesha kwa nini. Iite getInterfaces juu yake nawe utapata majina manne: List, RandomAccess, Cloneable na Serializable. Collection haimo, Iterable haimo, ingawa kila mtu anajua ArrayList ni vyote viwili. Mbinu hiyo hutaja yale tu yaliyoandikwa kwenye tamko la klasi yenyewe. Yanayorithiwa kupitia List au kupitia mzazi hayatajwi. Anayechuja kwa getInterfaces atakosa watekelezaji halali bila kuona kosa lolote kwenye skrini. Chujio sahihi ni Collection.class.isAssignableFrom(ArrayList.class), intafesi ikitangulia na klasi ikifuata; ukizigeuza, jibu ni hapana. Kisha ondoa intafesi zenyewe na klasi dhahania, maana zote hupita kwenye chujio lakini haziwezi kuundwa. Na ikiwa vipakiaji viwili vimepakia Malipo kila kimoja kivyake, jua kwamba hizo ni aina mbili tofauti ijapokuwa jina ni moja. Ukipima mtekelezaji wa moja kwa nyingine, jibu litakuwa hapana, na litakuwa sahihi.

Wagombea wenyewe wasipakiwe ovyo. Class.forName ikipewa jina peke yake huendesha papo hapo msimbo wa static wa klasi hiyo, na msimbo huo unaweza kufungua muunganisho wa hifadhidata au kuanzisha nyuzi mpya. Yenye vigezo vitatu, cha pili kikiwa false, huahirisha hilo. Spring imekwenda mbali zaidi: husoma baiti za faili, zile zinazoanza na CAFEBABE, kwa kutumia maktaba ya ASM bila kupakia klasi yenyewe. Hapo ndipo huja pingamizi kwamba kama Spring inaweza kupata klasi zote, sisi tunashindwaje? Spring haipati klasi zote. Hupekua vifurushi ulivyoitajia, na kila kifurushi unachoongeza hulipiwa kwa muda wa kuwasha programu.

Kwa hiyo mara nyingi njia bora ni mtekelezaji kujitangaza mwenyewe. Java 6 ya mwaka 2006 ilileta ServiceLoader: ndani ya META-INF/services unaweka faili lenye jina kamili la intafesi, na ndani yake majina ya watekelezaji, mmoja kila mstari. Ndiyo maana tangu JDBC 4.0 hatuhitaji tena kuandika Class.forName ili kuamsha dereva wa hifadhidata, ingawa msimbo huo bado unanakiliwa kana kwamba ni sharti. Watasema faili hilo husahaulika. Ni kweli, na hata JAR nyingi zikiunganishwa kuwa moja bila uangalifu, faili moja la tangazo hufuta jingine. Lakini maktaba ya AutoService hulizalisha faili hilo wakati wa kukusanya msimbo, na katika moduli za Java 9 tangazo la provides hukaguliwa na mkusanyaji, hivyo jina lisilokuwapo hukamatwa mapema. Upekuzi hauna mkaguzi wa aina hiyo. Kifurushi kikibadilishwa jina, hurudisha orodha tupu na programu ikaendelea.

Anayeanza kazi hii aamue kwanza ni nani anayeruhusiwa kutekeleza intafesi yake. Kama watekelezaji wote ni wake na wanajulikana, aifunge kwa sealed ya Java 17, na getPermittedSubclasses itamtajia wale walioruhusiwa moja kwa moja. Kama watatoka kwa watu wengine, atumie ServiceLoader. Upekuzi ubaki kwa vifurushi vilivyotajwa kwa majina, na kwa njia yoyote ile programu ihakikishe inapowaka kwamba orodha iliyopatikana si tupu, kwa kuwa huduma ya malipo isiyo na mtekelezaji hata mmoja inapaswa kukataa kuwaka badala ya kumngoja mteja wa kwanza aigundue.