Kabla hujanunua kadi ya grafiki kwa ajili ya gemu mpya, fungua kwanza boksi lako

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee jambo linalowala vijana wengi hela kimya kimya.

Juzi nilikuwa kafe namalizia kazi zangu, akaja dogo mmoja ninayemfahamu, mwanafunzi wa chuo. Kaja mbio mbio, simu mkononi. "Shikamoo kaka. Hebu niangalizie hii kitu fasta, jamaa anasubiri jibu." Kuangalia, ni picha ya kadi ya grafiki, NVIDIA GTX 1080 Ti, mtumba, ina GB 11. Dogo anataka kucheza Doom: The Dark Ages, gemu iliyotoka Mei 2025. Mfukoni ana laki nne na nusu. Ni akiba ya miezi minane, na ndani yake kuna laki moja aliyoongezewa na mama yake, ambaye ameambiwa kwamba ni "kifaa cha chuo". Hapo nikacheka, lakini moyoni nikaumia.

Nikamuuliza swali moja tu: "Kompyuta yako ni ipi?"

"Si ile Dell ya mezani tu, kaka."

Nikamwambia, mwambie jamaa asubiri mpaka kesho. Twende kwenu tukaifungue.

Wadau, somo lenyewe ndilo hilo. Wengi tunaanza na kadi, halafu ndiyo tunaulizia mengine. Inatakiwa iwe kinyume chake. Kadi ndiyo kitu cha mwisho kuchagua. Unaanza na gemu, unakwenda kwenye boksi, ndiyo unamalizia dukani. Nitaeleza hatua kwa hatua kama nilivyomweleza dogo.

1. GEMU INATAKA NINI?

Kila gemu kubwa hutoa orodha ya vifaa vya chini kabisa inavyohitaji. Isome yote, usiishie kwenye GB za RAM. Doom: The Dark Ages kwa kiwango cha chini inataka hivi: prosesa yenye kori 8 na nyuzi 16 (mfano AMD Ryzen 7 3700X au Intel Core i7-10700K), RAM GB 16, nafasi ya GB 100 kwenye SSD ya aina ya NVMe, na kadi yenye kumbukumbu yake ya GB 8 inayoweza rei tresingi. Mifano waliyoitoa wenyewe ni NVIDIA RTX 2060 Super au AMD RX 6600.

Rei tresingi ni nini? Kwa kifupi, zamani gemu zilikuwa zinadanganya mwanga. Wachoraji walikuwa wanapaka vivuli na mng'ao mapema, kadi inaonyesha tu. Kwenye rei tresingi kadi yenyewe inapiga hesabu mwanga umetoka wapi, umegonga nini na umerudi vipi, na hesabu hiyo inafanyika upya kila picha. Ni kazi nzito, ndiyo maana kadi mpya zimewekewa sehemu maalumu ya kuifanya. NVIDIA walianza na RTX za namba 20 mwaka 2018, AMD wakaja na RX 6000 mwaka 2020, Intel wakafuata na Arc mwaka 2022.

Sasa hapo ndipo mtego ulipo. Gemu nyingi za zamani rei tresingi ilikuwa ya hiari, unaizima maisha yanaendelea. Lakini Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na hii Doom zinaitaka kwa lazima. Hakuna pa kuizima. Kwa hiyo GTX 1080 Ti ya mwaka 2017, pamoja na nguvu zake zote na GB zake 11, haina hiyo sehemu. RTX 2060 Super ina GB 8 tu lakini inapita. Dogo alikuwa anaangalia namba kubwa, kumbe mlangoni wanauliza kitu kingine kabisa.

2. FUNGUA BOKSI

Nikisema boksi namaanisha lile ambalo wengi tunaliita CPU. Zima, chomoa umeme, fungua kifuniko, tazama vitu vinne.

Kwanza, pawa saplai. Ina karatasi ubavuni imeandikwa wati ngapi. Ya dogo ilikuwa Dell OptiPlex 9020, ile ya wima: wati 290. Hizo ni za kompyuta nzima, si za kadi peke yake. GTX 1080 Ti peke yake inakula mpaka wati 250, na NVIDIA walishauri pawa saplai ya wati 600. Hesabu ya darasa la tatu hiyo.

Tena si wati tu, kuna na plagi. Sloti ya kadi kwenye mazabodi inatoa mpaka wati 75. Kadi ikihitaji zaidi ya hapo, lazima ipate waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai: wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150. Kompyuta nyingi za ofisini hazina hizo waya. Utasikia fundi anakwambia "tutaunga adapta". Wadau, adapta haiongezi hata wati moja. Inabadilisha umbo la plagi tu. Mzigo ukizidi, kompyuta inajizima katikati ya gemu, au pawa saplai inaungua kabisa.

Pili, nafasi. Pima kwa rula urefu kuanzia nyuma ya boksi mpaka kitu cha kwanza kitakachozuia. Hii nimejifunza kwa maumivu. Miaka ya nyuma nilinunua kadi nzuri tu, kufika nyumbani boksi langu ni lile jembamba linalopokea kadi za nusu kimo peke yake. Nilikaa miezi mitatu kifuniko kiko wazi, kadi inachungulia nje kama kuku kwenye tenga. Vumbi lote la mtaa likawa la kwangu. Ukiwa na boksi jembamba, ulizia kadi ya nusu kimo, na uhakikishe inakuja na kile kibati chake kifupi.

Tatu, prosesa. Ya dogo ni Core i5-4590, kori 4 na nyuzi 4. Gemu inataka nyuzi 16. Prosesa ndiyo inayomwandalia kadi kazi. Ikiwa taratibu, kadi inakaa inasubiri, kama mpishi hodari anayesubiri mtu mmoja amenyee vitunguu vya harusi nzima. Unaweza kujua nani mchovu bila kununua chochote: cheza gemu uliyonayo sasa, huku umefungua Task Manager ya Windows 10 au 11. Kadi ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 95 na zaidi, basi kadi ndiyo imefika mwisho, na kuibadilisha kutasaidia. Ikiwa kadi iko 50 halafu prosesa imejaa, kadi mpya haitakupa kitu.

Nne, skrini. Hii watu wanaisahau. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, kadi inachora nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Skrini ya 1280 kwa 1024, zile za mraba za ofisini, ina nukta 1,310,720 tu. Kazi imepungua zaidi ya theluthi moja. Sasa kama una skrini ya namna hiyo, kwa nini ununue kadi ya kuchezea 4K yenye nukta milioni 8.3?

3. KUSOMA MAJINA YA KADI

Majina haya yametengenezwa kama vile kwa makusudi ya kutuchanganya. Kwa NVIDIA, namba za mwanzo ni kizazi, mbili za mwisho ni cheo. RTX 4060 ni kizazi cha 40, cheo cha 60. Kizazi kipya cha cheo cha chini kinaweza kupigwa na kizazi cha nyuma cha cheo cha juu. Na usidhani namba ya karibu ni kitu cha karibu: GTX 1650 ya mwaka 2019 ilitoka baada ya RTX za kwanza, lakini haina sehemu ya rei tresingi.

Halafu kuna mapacha wa uongo, jina moja lakini vitu viwili tofauti:

- GTX 1060 ya GB 3 na ya GB 6. Si kumbukumbu tu iliyopunguzwa, hata kori zimepunguzwa, kutoka 1,280 mpaka 1,152.

- GT 1030 ya GDDR5 na ya DDR4. Ya kwanza kumbukumbu yake inasafirisha GB 48 kwa sekunde, ya pili GB 16.8. Boksi linafanana, jina lilelile. Ya DDR4 achana nayo.

- RTX 3050 ya GB 8 na ya GB 6. Ya GB 8 inakula wati 130, ya GB 6 iliyotoka 2024 inakula wati 70 na haihitaji waya wa ziada. Ni nzuri kwa kompyuta za ofisini, ila ni dhaifu zaidi, na kwa Doom hii mpya iko chini ya zile GB 8 zinazotakiwa.

Kumbukumbu ya kadi nayo ieleweke. Ikiwa inatosha, kuongeza nyingine hakuongezi kasi. Ikipungua, kadi inaanza kukopa RAM ya kompyuta kupitia kwenye sloti, na hapo gemu inakuwa inakwama kwama kila ukigeuka.

4. UKIFIKA DUKANI

Kadi feki zipo, tena nyingi. Wanachukua kadi ya kale, wanabadilisha programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti au nyingine yenye jina. Windows inaamini. Dawa yake ni programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z. Tangu 2018 inazitambua feki nyingi za NVIDIA na kuziandikia kabisa kwamba ni feki. Iweke kwenye flashi uende nayo. Dalili nyingine: NVIDIA waliondoa picha za analogi kwenye kizazi cha GTX 10, kwa hiyo ukiona "1050 Ti" ina tundu la VGA la bluu, shtuka.

Kwa kadi ya mtumba, usilipe kabla hujaiona ikicheza gemu halisi kwa dakika ishirini. Sikiliza feni, angalia joto kwenye GPU-Z, tazama kama kuna vinukta au mistari ya ajabu kwenye skrini. Muuzaji akikataa, mshukuru uondoke. Hajakukosea, amekuokoa.

SASA DOGO ALIFANYAJE?

Tulikaa chini na karatasi. Kuicheza Doom mpya kwa kiwango cha chini tu, ilibidi abadilishe kadi, prosesa, mazabodi, RAM, pawa saplai na SSD. Hiyo si kuongezea kadi, hiyo ni kununua kompyuta nyingine. Laki nne na nusu haifiki huko.

Uso ulimshuka. Nikamwambia subiri. Doom Eternal ya mwaka 2020, ambayo hajawahi kuicheza, kwa kiwango cha chini inataka Core i5 ya 3.3 GHz, na yake ni 3.3 kamili. Inataka RAM GB 8, anazo. Inataka GTX 1050 Ti au GTX 1650 ya GB 4. Na GTX 1650 inakula wati 75, zipo zisizohitaji waya wa ziada, zinachomekwa kwenye sloti basi.

Alitafuta siku nne. Akapata GTX 1650 mtumba, tukaijaribu na GPU-Z palepale kaunta, ikatoka safi. Bei ilikuwa chini kiasi kwamba laki moja ya mama ilirudi kwa mama, na nyingine ikabaki kama mwanzo wa akiba ya kompyuta mpya. Mama alipouliza kile kifaa cha chuo kimeishia wapi, dogo alimwambia ukweli. Alisemwa jioni nzima, lakini anasema afadhali.

Ile 1080 Ti sikusema ni mbovu. Ni kadi ya heshima, na mwenye boksi lake na gemu zake ataifurahia. Haikuwa ya kwake tu.

Kwa hiyo wadau, mkiwa na hela mkononi na muuzaji anawaharakisha, jiulizeni haya: gemu gani, wati ngapi, nafasi kiasi gani, prosesa ipi, skrini ipi. Ukikosa jibu hata la moja, hela ibaki mfukoni mpaka kesho.

Mwenye swali aandike hapo chini aina ya kompyuta yake, wati za pawa saplai na gemu anayoitaka. Bila hizo tatu sijibu, maana nitakuwa nabahatisha na hela ya mtu. Na mafundi mliomo humu, nikikosea nirekebisheni.

Naomba kuwasilisha.