Promota akiwa ndiye meneja, nani atamsemea mwanao?

Mzazi wa Handeni au Korogwe mwenye kijana anayecheza ngumi ana mengi ya kuhofia: pua kuvunjika, shule kuachwa, makundi mapya ya marafiki. Lipo jingine ambalo wengi hawaliulizi mpaka siku kijana anapoletewa karatasi ya kusaini. Je, huyu anayeandaa mapambano ndiye huyo huyo atakayekuwa meneja wake?

Swali hilo linafanana na la biashara, lakini mwisho wake ni afya ya mtoto wako.

Hamu ya vijana inaeleweka. Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimshinda Mwingereza Sam Eggington kwa TKO ya raundi ya pili mjini Birmingham. Aliitwa kuziba nafasi pambano likiwa limekaribia, na wachache walimpa nafasi. Ni vigumu kumpata kijana wa mkoa huu anayefunga bandeji mikononi asiyeijua hadithi hiyo. Lakini wanaoitwa ghafla wakashinda ni wachache. Wengi huitwa kwa sababu promota anahitaji mtu wa kupigana na nyota wake.

Kazi mbili zinazovutana

Promota ni mfanyabiashara wa pambano. Anakodi ukumbi, anauza tiketi, anatafuta wadhamini na kuwalipa mabondia. Kinachobaki ndiyo faida yake.

Meneja ni wakala wa bondia. Kazi yake ni kudai malipo mazuri, kuchagua mpinzani anayelingana na kijana, kusimamia vipimo na kukataa pambano lisilofaa. Mmoja anataka kulipa kidogo, mwingine anatakiwa kudai zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pambano lina thamani ya Sh600,000 kwa kijana wako na meneja anachukua asilimia 25. Meneja anapata Sh150,000, kijana Sh450,000. Sasa meneja huyo ndiye promota, naye anaamua kulipa Sh400,000 tu. Kama meneja atapata Sh100,000, yaani amepoteza Sh50,000. Kama promota ameokoa Sh200,000. Ameingiza Sh150,000 zaidi, na kijana ameondoka na Sh300,000 badala ya Sh450,000. Hakuna aliyeiba, lakini fedha imehama mfuko.

Hatari zaidi iko kichwani

Fedha hutafutwa tena. Ubongo una hesabu nyingine. Bondia aliyeangushwa kwa KO anaweza kuamka, akatembea na kula vizuri, huku ubongo wake haujapona. Akipigwa tena kabla ya kupona, unaweza kuvimba au damu kuvujia ndani ya fuvu.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa za ngumi za ridhaa zimeweka mapumziko ya lazima: siku 30 baada ya KO moja, siku 90 kwa KO mbili ndani ya miezi mitatu, na mwaka mzima kwa KO tatu ndani ya mwaka.

Mtu wa kusema “huyu bado hajapona” ni meneja, akishirikiana na daktari. Lakini kama ndiye aliyebandika mabango na kuuza tiketi, kusema hivyo ni kujitia hasara. Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani.

Desemba 2024, bondia Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya pambano jijini Dar es Salaam. Hatumtaji ili kumnyooshea mtu kidole, wala hatusemi kifo chake kilitokana na mgongano huu wa maslahi. Tunamtaja kukumbusha kwamba ulingoni kinachochezewa ni uhai.

Wenzetu walivyofanya

Mwaka 1986 bingwa wa uzito wa juu Tim Witherspoon wa Marekani alimshinda Frank Bruno jijini London. Promota wake alikuwa Don King, na meneja wake alikuwa Carl King, mtoto wa kufikia wa Don King. Witherspoon alibakiwa na takribani dola 90,000, wakati Bruno aliyeshindwa alilipwa fedha nyingi zaidi. Alikwenda mahakamani, na shauri likamalizwa kwa makubaliano ya nje ya mahakama.

Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria yenye jina la Muhammad Ali, inayomzuia promota kuwa na maslahi ya kifedha katika umeneja wa bondia. Hata hivyo, zuio hilo linahusu mapambano ya raundi 10 na zaidi. Chipukizi wa raundi nne au sita hawamo, na huko ndiko vijana wetu wanakoanzia.

Hapa nyumbani

Ngumi za kulipwa nchini zinasimamiwa na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania (TPBRC). Aidha, Sheria ya Mikataba inampa mtu nafasi ya kuukataa mpango ambao wakala wake aliufanya kwa faida yake mwenyewe huku akimficha jambo la msingi.

Tuwe wakweli: katika miji yetu mara nyingi mtu mmoja ndiye mwenye glovu, nauli ya basi na simu za waandaaji. Wengine wanajitolea kwa moyo safi. Kumuuliza maswali si kumvunjia heshima.

Kabla kijana hajasaini, uliza haya:

1. Wewe ni promota, meneja, au vyote viwili? Kiandikwe.
2. Ukiandaa pambano wewe mwenyewe, utakata asilimia ya meneja? Omba isikatwe.
3. Nauli, chakula na vifaa ni msaada au deni? Kama ni deni, litaandikwa wapi?
4. Mkataba ni wa muda gani, na unavunjwa vipi?
5. Nani analipia vipimo na matibabu akiumia?
6. Nani mwingine, asiye na fedha katika pambano, ana mamlaka ya kulisimamisha?

Baki na nakala ya mkataba. Kijana asiyefikisha miaka 18 asisaini kabisa. Aliyefikisha amshirikishe mzazi na, ikiwezekana, mwanasheria.

Baada ya pambano, usimwache alale peke yake usiku ule. Akiumwa kichwa kinachozidi, akitapika, akichanganyikiwa, akipata degedege au ikawa vigumu kumwamsha, mkimbize hospitali: Magunga kwa walio Korogwe, Hospitali ya Mji kwa walio Handeni. Usisubiri ruhusa ya meneja.