Marekani: Kamera ya vijana wa skateboard yafichua kipigo kilichofichwa nyumbani

Huko Rockford, mji wa viwanda katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kundi la vijana lilikuwa likishinda barabarani likicheza skateboard, ule ubao wa magurudumu manne. Mmoja wao, Bing Liu, ndiye aliyekuwa akishika kamera.

Kupiga filamu mchezo huu si kazi ndogo. Mpiga picha hasimami pembeni kama kwenye mechi ya mpira. Naye hupanda ubao wake na kumfuata mwenzake mbiombio, kamera ikiwa chini, usawa wa goti. Kuruka ngazi huchukua sekunde mbili tu, lakini vijana hurudia mara nyingi, wakianguka na kuinuka. Baadaye hubaki kazi ya kuchagua picha na kuziunganisha na muziki. Wengi hujifunza hayo bila mwalimu.

Liu, aliyezaliwa China na kukulia Rockford, aliendelea kuwafuata rafiki zake hata walipokuwa watu wazima. Hapo ndipo maneno yaliyofichwa yalipoanza kutoka. Mmoja alieleza namna marehemu baba yake alivyokuwa akimpiga. Mwingine, aliyekuwa ameshapata mtoto, alituhumiwa kumpiga mama wa mtoto huyo. Liu hakuficha tuhuma hiyo kwa sababu ya urafiki: alimpa mwanamke huyo pia nafasi ya kusema.

Liu mwenyewe alikuwa amepigwa na baba yake wa kambo. Alimketisha mama yake mbele ya kamera, akamuuliza juu ya miaka ile. Ilieleweka basi kwamba kwa vijana hawa, barabara haikuwa mahali pa kuchezea tu. Ilikuwa mahali pa kukimbilia.

Filamu hiyo, Minding the Gap, ilitoka mwaka 2018 na kupata tuzo katika tamasha la Sundance. Mwaka 2019 ilikuwa kati ya filamu 5 za matukio ya kweli zilizoshindania tuzo ya Oscar.

Kwetu pia, familia nyingi husema mambo ya nyumbani hayatoki nje, na kipigo huitwa malezi. Vijana wengi leo wana simu yenye kamera, na wanajipiga filamu wakicheza ngoma, mpira au sarakasi. Mfano wa Rockford unaonyesha kwamba chombo hicho hicho kinaweza kumsaidia kijana kuuliza swali ambalo mezani haliulizwi, mradi anayejibu amekubali kusikilizwa.

Tukumbushe kwamba Liu si wa kwanza kutoka kwenye skateboard hadi sinema. Spike Jonze, aliyetengeneza video ya mchezo huo iitwayo Video Days mwaka 1991, alipata Oscar mwaka 2014 kwa kuandika filamu ya Her.