Lijue Gari Lako, Sehemu ya Tatu: Kamera ya Kioo cha Mbele

Magari mawili yakigusana pale Mwenge au Ubungo, kinachofuata kila mkazi wa Dar es Salaam anakijua. Madereva wanashuka, kila mmoja na maelezo yake, watu wanakusanyika, na mwenye sauti kubwa anaanza kuonekana ndiye mwenye haki. Honi za foleni zikizidi, magari yanasogezwa pembeni, na kwa kusogezwa huko alama zote za tukio zinapotea. Askari wa usalama barabarani akifika anakuta vioo vilivyopasuka na maneno. Mwenye bima ndogo peke yake ana hali ngumu zaidi, kwa kuwa bima hiyo hulipa madhara ya mtu mwingine tu. Asipoweza kuonyesha kwamba kosa si lake, gari lake atalitengeneza kwa fedha zake.

Kamera ya dashibodi inanunuliwa kwa ajili ya sekunde hizo chache. Kwa hiyo swali la kwenda nalo dukani ni moja: mtu ambaye hakuwepo, awe askari, mkaguzi wa bima au hakimu, ataiamini picha hii? Mengine yote, kuanzia lenzi hadi waya wa umeme, nitayapima kwa swali hilo. Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu betri na fyuzi, nazo tutazihitaji leo.

Nchini Japani, yanakotoka magari yetu mengi, kilichochangia sana kuzisambaza kamera hizi ni ajali ya Juni 2017 kwenye barabara kuu ya Tomei, mkoani Kanagawa. Dereva mmoja alilifukuza gari la familia kwa hasira, akalizuia mbele mpaka likasimama kwenye njia ya mwendo kasi. Lori likaligonga, mume na mke wakafariki. Madereva wa huko wakaanza kununua kamera kwa wingi, na Juni 2020 sheria yao ya barabarani ikarekebishwa ili kuwaadhibu wanaoendesha kwa kuwatisha wenzao. Sisi nasi tunayaona matokeo: kuna magari ya mtumba yanayoshuka bandarini yakiwa bado na kamera kiooni, menyu yake ikiwa kwa Kijapani. Ukipata gari la namna hiyo usiibandue haraka, lakini usiitegemee pia kabla hujasoma habari ya saa hapa chini.

Tuanze na picha. Kwenye boksi utaona 1080p, 1440p au 4K, kisha pembe ya nyuzi 140, 150, hata 170. Wauzaji hupenda kusifia vyote viwili, ilhali vinanyang'anyana. Picha ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Zitandaze kwenye pembe ya nyuzi 140, kila nyuzi inapata pikseli 14 hivi. Pleti namba yenye urefu wa nusu mita, ikiwa mita 10 mbele yako, inachukua nyuzi 3 tu, yaani pikseli 40, na hizo zigawanywe kwa herufi na tarakimu saba za namba zetu. Utaiona rangi ya njano, namba yenyewe huisomi. Kwa 4K, yenye pikseli 3,840, pleti ile ile inapata pikseli 80 na mchana inasomeka. Ndiyo maana kwa kamera ya mbele nashauri usishuke chini ya 1440p, na pembe isizidi sana nyuzi 140. Pembe pana zaidi inamwonyesha bodaboda anayechomoka pembeni, hilo ni kweli, lakini inamsukuma kila mtu mbali. Hakikisha pia kwamba ukubwa ulioandikwa ni wa sensa yenyewe. Zipo kamera za bei ya chini zilizoandikwa 4K ambazo ndani zina sensa ya 1080p, na programu ndiyo inayoivuta picha ionekane kubwa. Mwulize muuzaji jina la sensa. Asipolijua, litafute mwenyewe kabla ya kulipa.

Usiku mambo yanabadilika. Sensa inahitaji muda mrefu zaidi kukusanya mwanga, na ndani ya muda huo gari mnalopishana nalo limeshasogea, namba imekuwa ukungu. Pleti ya gari lililo mbele yako nayo inang'azwa na taa zako mwenyewe mpaka inageuka kibao kitupu. Sensa za Sony za familia ya STARVIS, hasa kizazi cha pili, zinajitahidi kuliko nyingi, lakini hakuna kamera, hata ya bei kubwa, inayosoma kila namba gizani. Hapa ndipo maikrofoni inapokuwa na kazi. Ukigongwa na mtu akakimbia, isome namba yake kwa sauti papo hapo, pamoja na rangi ya gari na upande alikoelekea. Kamera inarekodi sauti yako ndani ya faili lile lile lenye picha na saa.

Joto linaua kamera nyingi. Gari likiachwa juani mchana kutwa, uso wa dashibodi unaweza kukaribia nyuzi 70 za Selsiasi. Betri ndogo ya lithiamu haikutengenezewa mazingira hayo. Huvimba, na mwisho huisukuma kamera ifunguke. Chagua kamera inayotumia kapasita badala ya betri. Kapasita haiwezi kuiendesha kamera umeme ukikatika. Kazi yake ni kuipa sekunde chache za kulifunga faili la mwisho, na faili hilo ndilo lenye ajali.

Kadi ya kumbukumbu isinunuliwe kwa bei tu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 15 kwa sekunde inaandika karibu gigabaiti 7 kila saa, hivyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa saa tisa, kisha kamera inarudi mwanzo na kufuta ya zamani. Daladala inayofanya kazi alfajiri hadi usiku inaiandika kadi nzima upya zaidi ya mara moja kwa siku. Kadi ya kawaida ya simu haikuundwa kwa kazi hiyo, na watengenezaji wengi hawatoi dhamana ikitumika kwenye kamera za gari. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya kurekodi mfululizo, yenye alama ya U3 au V30. Kwa kuwa kadi bandia zimejaa sokoni, ipime kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya H2testw, inayoijaza kadi yote na kukuambia kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli. Kisha ifomati ndani ya kamera, na urudie kila mwezi.

Sasa habari ya saa. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita. Kamera iliyokuja na gari, hata ikiwa na GPS inayoirekebisha saa kila siku, itaendelea kuonyesha saa ya Tokyo mpaka uibadilishe. Sisi nasi, kwa hesabu yetu ya Kiswahili, tunatofautiana na saa ya kimataifa kwa saa sita zile zile. Ikiwa ni saa nane mchana hapa, kamera ya Kijapani yenye mtindo wa saa 12 itaandika 8:00. Mwenye gari ataitazama na kuridhika kwamba iko sawa. Lakini kwa yeyote atakayeisoma kama ushahidi, 8:00 hiyo ni ya usiku, na picha inaonyesha jua kali. Wakili wa upande wa pili hatahitaji zaidi ya hapo. Weka ukanda wa UTC+3, tumia mtindo wa saa 24, na uihakiki tarehe. Kwenye menyu hiyo hiyo chagua hezi 50 kwa ajili ya mwanga wa taa, kwani umeme wetu ni wa hezi 50, na kamera kutoka sehemu za magharibi mwa Japani inaweza kuwa imewekwa 60.

Kufunga kamera kunahitaji utulivu kuliko ufundi mkubwa. Mahali pazuri ni nyuma ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, upande wa abiria, ndani ya eneo linalofagiliwa na waipa, chini ya ule mstari wa tinti wa juu. Isimzibe dereva hata kidogo. Kwa Subaru zenye mfumo wa EyeSight, zile zenye kamera mbili juu ya kioo, soma kitabu cha gari kwanza. Mfumo huo unapima umbali kwa macho yake hayo mawili, na chochote kinachowekwa mbele au karibu yake kinaweza kuuvuruga. Kwa kushikilia kamera napendelea gundi ya kubandika kuliko kinyonyeo cha mpira, kwa sababu kinyonyeo huachia kwenye joto. Safisha kioo kwa spiriti, kikauke, bandika, kandamiza kwa nusu dakika, kisha acha siku nzima kabla ya kuning'iniza kamera.

Waya unachomekwa kwenye ukingo wa kitambaa cha paa kwa vidole tu, unapita hadi nguzo ya mbele, unashuka pembeni mwa mpira wa mlango mpaka kwenye kisanduku cha fyuzi. Hapo kwenye nguzo naomba umakini wa pekee. Ukiona maandishi ya SRS AIRBAG, ujue ndani yake kuna eabegi la pazia, linalofumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Waya uliopita mbele yake unaweza kulizuia au kurushwa kuelekea usoni. Ondoa plastiki ya nguzo, pitisha waya nyuma ya eabegi, uufunge kwenye nyaya zilizopo, kisha urudishe plastiki yenye vishikizo vizima. Fundi akikuambia hakuna haja, tafuta fundi mwingine.

Kuhusu umeme, anayetaka kurekodi safari tu anaweza kutumia tundu la kuwashia sigara na akaishia hapo. Anayetaka kamera ilinde gari likiwa limeegeshwa anahitaji kifaa cha kushusha volti 12 kuwa 5, chenye nyaya tatu: mmoja wa umeme wa kudumu, mmoja wa umeme unaowaka na swichi, na wa tatu wa bodi. Lori lina volti 24, kwa hiyo kifaa kiwe kimeandikwa 12 na 24. Usikubali waya wa gari uchubuliwe, usokotwe na kuzungushiwa selotepu. Moto wa chini ya dashibodi unaweza kuanza kwa viungo vya aina hiyo. Kuna vichomeko vya bei nafuu vyenye nafasi mbili, moja ya fyuzi ya zamani na nyingine ya kamera, ambayo fyuzi ya ampea 2 au 3 inaitosha. Chomeka kwenye fyuzi ya redio na ya taa ya ndani, baada ya kuhakikisha kwa mita ipi inazimika na swichi na ipi haizimiki. Fyuzi za eabegi, breki za ABS na kompyuta ya injini zisiguswe kabisa.

Mkumbuke mlivyosoma juu ya betri. Kamera inayolinda gari hula kama ampea 0.3, ambazo kwa siku ni ampea-saa 7. Betri ya ampea-saa 45, gari likilala siku tatu uwanja wa ndege, imepoteza karibu nusu. Betri iliyojaa na kutulia inasoma volti 12.6 hivi, na ikifika 12.2 imebaki nusu. Weka kifaa kikate kwenye 12.2 au juu yake. Mpangilio wa 11.8 unaokuja na vifaa vingine ni wa kumwacha mtu barabarani.

Kamera hizi zina kipima mtikisiko kinacholilinda faili lisifutwe gari likigongwa. Kwa barabara zetu zenye matuta kila kijiji, kiweke chini. Kikiwa juu, kila tuta linahesabiwa ajali, kadi inajaa mafaili yasiyofutika, na siku ya ajali nafasi hakuna.

Na siku hiyo ikifika, zima kamera, toa kadi, iweke mahali salama. Usiirudishe barabarani. Nakala ya kumwonyesha askari ni sawa, lakini video iliyotumwa kwa WhatsApp hubanwa na kupoteza ubora, hivyo asili ibaki ilivyo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 hakikatai ushahidi kwa kuwa tu ni wa kielektroniki, ila kinaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Kenya nayo, kwa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, inataka cheti kuhusu kifaa na namna kilivyofanya kazi. Anayekata vipande na kuongeza muziki anaubomoa ushahidi wake mwenyewe.

Madereva wa teksi wanaoweka na kamera ya ndani wana wajibu wa ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Tanzania tangu Mei 2023, na uso na mazungumzo ya abiria ni mali yake. Bandika tangazo linalosomeka mlangoni, zima sauti ya ndani isipohitajika, na kamwe usirushe mtandaoni picha ya abiria au ya majeruhi wa barabarani.

Ukimaliza kufunga, endesha jioni moja, toa kadi na uitazame nyumbani kwenye kompyuta: saa, namba ya gari lililo mbele yako, sauti yako. Kisichosomeka hapo hakitasomeka kituoni, na wakati huo dukani bado watakubadilishia.

Sehemu ya nne itahusu tairi, na jinsi ya kusoma tarehe ilipotengenezwa.