Kupanua Karakana ya Ndege
Karakana iliyojengwa kwa ajili ya Boeing 737-800, ambayo mabawa yake yana upana wa takriban mita 36 na mkia wake kimo cha mita 12.5, haiwezi kuipokea Boeing 787-8 kama zile za Air Tanzania. Ndege hiyo ina mabawa yenye upana wa takriban mita 60, na mkia wake hufikia karibu mita 17.

Kazi ngumu hasa ni paa. Nguzo haziwezi kusimama katikati, hivyo mihimili ya chuma huvuka upana wote na bado hubeba kreni. Wajenzi wengine huinua paa sehemu ya mkia tu, au huacha uwazi mlangoni ili mkia ubaki nje: suluhisho la busara, lenye gharama nafuu. Sakafu nayo huimarishwa, na mfumo wa kuzima moto huongezwa uwezo.