Chumvi ya Mama Mja Mzito

Wazee wetu waliipika chumvi ya Uvinza karne nyingi kabla ya misafara ya Ujiji, nasi twaionea fahari. Lakini chumvi hiyo, isipotiwa madini joto, yaani iodini, haimtoshi mja mzito. Wala dagaa wa ziwani hawana iodini nyingi kama samaki wa baharini.

Mtoto tumboni, khasa miezi ya mwanzo ambapo tezi yake ya shingo haijaanza kazi, hutegemea tezi ya mamaye. Ikipungukiwa, si rovu tu litakalotokea: akili ya mtoto yaweza kudumaa, na haiponi kwa dawa ya baadaye. Shirika la Afya Duniani limekadiria mikrogramu 250 kwa siku, nazo ni robo tu ya miligramu, kwa mwenye mimba na kwa anyonyeshaye pia. Maana fungu la mtoto limo katika maziwa ya mama.

Basi baba, ambaye sheria yetu imemwajibisha matumizi ya nyumba, aulize sokoni chumvi iliyotiwa madini joto, asivutwe na urahisi wa ile ya kupimwa kwa kopo. Isizidishwe chunguni. Ifunikwe, isipate jua wala unyevu, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mwenye maradhi ya tezi amwone mganga wa kliniki kwanza.