Ile stoo ya mlangoni yaweza kuleta amani nyumbani

NI saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Basi la shule linapiga honi barabarani na mtoto wako wa darasa la pili amevaa kiatu kimoja. Cha pili hakionekani. Baba watoto anauliza ni nani aliyechukua ufunguo wa kufuli. Mwavuli uko nyuma ya kochi, sweta iko juu ya televisheni, na msaidizi wa nyumbani, ambaye hajavaa kiatu cha mtu yeyote, ndiye anayefokewa. Dakika kumi baadaye wote wametoka, kila mmoja amenuna, na sebule imebaki kana kwamba imepitiwa na tufani.

Iwapo mambo haya si mageni kwako, msomaji, basi huenda dawa yake iko hatua mbili tu kutoka mlangoni. Ni ile stoo ndogo. Nyumba nyingi za mijini hapa nchini zina kijichumba cha aina hiyo: kabati la ukutani kando ya mlango wa mbele, au ile pembe iliyo chini ya ngazi kama ilivyo katika baadhi ya nyumba za Buruburu, mtaa wa Nairobi uliojengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mara nyingi stoo hiyo ina upana wa futi tatu na kina cha futi mbili hivi. Ukiifungua, vitu hukuangukia. Ukiifunga, unasahau kwamba ipo.

Wenzetu wa pwani waliufikiria mlango tangu zamani. Katika nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, mtu hatoki barabarani akajikuta ghafla sebuleni. Hupitia kwanza kwenye daka, ule ukumbi mdogo wenye mabaraza ya kukalia, kisha kwenye tekani, ndipo aingie ndani. Nyumba zetu za siku hizi zimejengwa kwa kubana ardhi. Mlango hufunguka moja kwa moja kwenye zulia, na matope ya Aprili huingia nayo moja kwa moja. Basi ile stoo ndiyo itakayokuwa daka letu.

Kazi ya kwanza ni kuitoa kila kitu nje, na namaanisha kila kitu. Tenga Jumamosi moja isiyo na mvua, utandike gunia uani, na uwaite watu wote wa nyumbani. Msimwachie mama peke yake kazi hii, kwa sababu yatakayotoka humo ni ya kila mtu: pasi iliyoungua, mikebe ya rangi iliyokauka, kalenda za miaka iliyopita, nyaya ambazo baba ameziweka kwa kuwa "zitakuja kufaa", na marundo ya mifuko ya plastiki iliyobaki tangu kabla ya ile marufuku ya Agosti 2017. Uliza swali moja tu juu ya kila kitu: je, kitu hiki hutoka nje ya mlango huu na kurudi angalau mara moja kwa wiki? Kama jibu ni la, hakina haki ya kukaa hapa. Vyuma vikuukuu wauzie wanaonunua kwa kilo. Nguo na viatu visivyowatosha watoto wape wanaoweza kuvivaa. Vilivyobaki vitafutiwe mahali pengine, hata kama ni chini ya kitanda.

Sasa chukua karatasi na uandike majina ya watu wanaoishi humo ndani. Kando ya kila jina, andika anachobeba anapotoka. Mtoto wa shule: viatu, sweta, mkoba, chupa ya maji. Baba: viatu, koti, funguo. Mama: viatu viwili (vya kutembelea na vya ofisini), mkoba, kikapu cha sokoni. Nyanya anayekuja kila baada ya miezi miwili naye asisahauliwe, kwani anahitaji mahali pa kukaa anapovua viatu. Kuinama akiwa amesimama kunamwumiza kiuno. Karatasi hii ndiyo ramani ya fundi wako. Watu wengi hukosea hapa. Humwita seremala kwanza, naye huwatengenezea rafu tano zilizolingana kama za dukani, ambazo hazitoshi koti wala haziwezi kukaliwa na mtu.

Tuzungumze vipimo. Viatu vya mtu mzima, kulia na kushoto vikiwa pamoja, huchukua kama inchi tisa za upana, na vya mtoto inchi sita. Kwa hiyo rafu ya futi tatu, yaani inchi 36, itabeba jozi nne za wakubwa au sita za watoto. Jenga benchi lenye kimo cha inchi 17 kutoka sakafuni, na chini yake uweke rafu moja katikati. Sakafuni zitakaa jozi nne za baba na mama. Kwenye rafu zitakaa jozi sita za watoto watatu. Hizo ni jozi kumi, na familia ya watu watano imekwisha kutoshelezwa. Viatu vya harusi na vya kanisani vikae chumbani.

Juu ya benchi ni mahali pa kulabu. Hapa nitasisitiza: kulabu ni bora kuliko hanga. Hanga ya kawaida yenye koti huhitaji kina cha inchi 22 au zaidi ili mlango ufungike, na stoo nyingi hazina nafasi ya kuchezea. Isitoshe, mtoto wa miaka mitano hawezi kutundika sweta kwenye hanga, lakini ataitundika kwenye kulabu bila kuambiwa mara mbili, almuradi aifikie. Pigilia safu mbili. Ya wakubwa iwe na kimo cha futi tano na nusu. Ya watoto ipimwe kwa bega la yule mdogo kuliko wote, ambayo kwa kawaida ni kama futi tatu. Kama stoo yako iko chini ya ngazi, mteremko wa dari umekwisha kukuamulia: upande mrefu ni wa makoti ya wakubwa, upande mfupi ni wa watoto. Kila mtoto awe na kulabu zake mbili, moja ya sweta na moja ya mkoba, na alama yake: rangi, au mchoro wa samaki aliouchora mwenyewe. Mtoto ambaye hajajua kusoma anamjua samaki wake.

Juu kabisa weka rafu moja ya vitu vya msimu, kama makoti ya mvua na kofia.

Kuhusu mbao, ubao mmoja wa blokibodi wa futi nane kwa nne unatosha kutoa benchi, rafu ya viatu na rafu ya juu, na kipande kikasalia. Bei ya mbao ilipanda baada ya serikali kupiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, na wengi walijifunza wakati huo kutumia mbao za makreti ya mizigo. Ukizipata, zipige randa vizuri na uzipake dawa ya mchwa, hasa pande zitakazogusa ukuta. Jihadhari na zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ambazo mafundi huziita MDF. Hupendeza siku ya kwanza, lakini zikilowa hufura kama mkate kwenye chai, na hapa tunazungumzia mahali pa miavuli na viatu vya matope. Vyuma vya kushikilia rafu, kulabu na hata sinia ya bati ya kuwekea miavuli utavipata kwa mafundi wa jua kali. Wakazi wa Nairobi wanaijua Kamukunji.

Unyevu ndio adui mkubwa wa kijichumba hiki. Rangi ya mafuta ipakwe kutoka chini hadi futi tatu, ili uweze kupangusa matope kwa kitambaa. Mlango wa stoo, kama haukuhitajiki, ung'oe kwenye bawaba na utundike pazia jepesi. Kama unataka ubaki, mwambie fundi autoboe matundu juu na chini, hewa iweze kupita, la sivyo harufu ya soksi itawapokea wageni kabla yako. Mbele yake weka gunia lililokunjwa mara mbili na kushonwa. Linakamata matope kuliko mazulia mengi madogo ya dukani, na likichafuka linafuliwa.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuwekwa humo hata kama nafasi ipo. Mtungi wa gesi ni wa kwanza. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini, na kijichumba kisicho na dirisha kitaikusanya hadi mtu atakapowasha kiberiti au swichi. Mafuta ya taa na petroli ya jenereta ni vivyo hivyo. Jiko la makaa lililokwisha kupikiwa nalo lisiingizwe humo "lipoe", kwa kuwa makaa yenye moto hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Na katika nyumba nyingi, mita ya stima na swichi kuu ziko kwenye stoo hiyo hiyo. Usitundike koti lililolowa juu yake, wala usizibe njia ya kuifikia. Siku waya utakapoanza kutoa cheche, utataka kuizima swichi hiyo gizani kwa mkono mmoja.

Jambo lililonifanya nione makala haya yanafaa kuandikwa, hata hivyo, si viatu. Ni funguo. Kwa sababu ya wezi, familia nyingi mijini hulala nyuma ya grili, ule mlango wa vyuma, uliofungwa kwa kufuli kutoka ndani, na madirisha yote yakiwa na vyuma. Moto ukizuka usiku, mlango huo ndio njia ya pekee. Na ufunguo uko wapi? Kwenye suruali ya baba, chini ya mto, ndani ya mkoba wa mama, au juu ya friji. Nyumba iliyojaa moshi haikupi nafasi ya kupekua mifuko.

Kwa hivyo, kabla ya kulabu nyingine yoyote, pigilia ile ya ufunguo wa grili. Iwe ndani ya stoo, upande usioonekana kutoka dirishani, kwani wezi wanajua kuvua funguo kwa kijiti kirefu. Iwe na kimo ambacho mtoto anayeweza kufungua kufuli atakifikia. Ufunguo huo usitoke hapo usiku kwa sababu yoyote, na kila anayelala ndani, akiwemo msaidizi wa nyumbani na mgeni wa siku moja, aonyeshwe ulipo. Kisha jaribuni. Zimeni taa jioni moja, mwambie mtoto mkubwa atoke chumbani kwake, autwae ufunguo kwa kupapasa na afungue. Watoto hulichukulia kama mchezo na si vibaya. Wewe hesabu sekunde kimya kimya. Kama alijikwaa kwenye baiskeli au kreti ya soda njiani, umekwisha kujua ni kitu gani kingine kinachopaswa kuhama.

Wapangaji watauliza: je, sisi tusioruhusiwa kutoboa ukuta? Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kumwita fundi, na ikiwezekana akuandikie kibali, ili usije ukakatwa pesa za amana siku ya kuhama. Akikataa, tengeneza fremu ya mbao inayosimama yenyewe, yenye benchi chini na ubao wa kulabu juu, isukumwe ndani ya stoo. Siku ya kuhama unaibeba pamoja na vitanda.

Baada ya hapo linabaki zoea la Jumapili jioni. Viatu vya shule vipigwe rangi na kurudishwa kwenye rafu, mikoba itundikwe ikiwa tayari, chochote kisicho na mwenyewe kitolewe. Wiki za mwanzo utalazimika kusimamia na kukumbusha. Usivunjike moyo ukikuta sweta sakafuni chini ya kulabu yake. Na kila Januari wapime watoto upya, uipandishe safu yao ya kulabu kwa inchi mbili tatu, kwa kuwa yule aliyekuwa mdogo mwaka uliopita sasa kichwa chake kinagonga samaki wake.